Kanyagio

Mota niliinunua mimi,
kwa mshahara wa kwanza, kwa mbwembwe,
nikaifunga kwenye cherehani ya mama
nyuma ya soko kuu la Moshi, barazani,
kati ya fundi saa na muuza vifungo.
"Pumzisha miguu," nikamwambia.
"Miaka thelathini na moja ya kukanyaga. Inatosha."

Akacheka, akaziweka nyayo sakafuni
kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo chake.

Mota ikanguruma. Sare za shule zikatoka
mbili kwa muda wa moja,
na ule mkanda wa ngozi, mweusi kwa mafuta,
ukaning'inia msumarini, hauna la kufanya.

Mwezi wa tatu viatu vikaanza ukaidi.
Asubuhi vinaingia; jioni havitoki.
Soksi ikivuliwa inaacha pete.
Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki
linakutazama.
Vifundo vikapotea. Nyuma ya goti
mishipa ikajichora, ya buluu, imejisokota
kama uzi uliokwama kwenye bobini.

Majirani wakaja na majibu kabla ya swali.
Ndeshau akasema chumvi.
Mama Kiwia wa vifungo akasema kijicho,
watu wameionea gere mota.
Mimi nikasema uzee, nikajiuma ulimi.
Mama hakusema. Aliandika kwa chaki
kiuno cha mteja: ishirini na nane.

Zahanati ya Pasua. Tabibu Mfinanga,
kijana, kalamu sikioni,
akabonyeza, akauliza:
"Kazi yako ya kukaa, mama, au ya kusimama?"
"Ya kukaa."
"Tangu lini?"
Akafikiri.
"Kukaa, tangu ujana. Kutulia, tangu Januari."

Basi akatueleza. Damu kushuka si kazi,
inaijua njia kama maji ya mfongo
yatokayo msituni, yakapita migombani,
yakafika Uru bila kuulizwa.
Lakini kurudi! Nani amewahi kuona
mfongo ukipanda mlima?
Ndani ya mshipa mna vilango,
vinafungukia juu, vinajifunga nyuma,
na msukumaji ni kigimbi.
Kikikaza, damu inapanda kidato.
Kikilegea, mlango unaizuia isiteremke.
Kaza. Legeza.
"Moyo wa kifuani una mdogo wake huku chini," akasema,
"naye mmempa likizo."

Mmempa. Hakunitazama,
lakini niliisikia ile *m* ya pili.

Kurudi mjini mama alikataa bodaboda.
Alitembea, mkoba begani, polepole,
akisimama kusalimia watu asiowajua.

Mota hakuitupa. Mama si wa kutupa
kitu cha mwanawe. Inashona jinzi,
na magunia ya Mzee Lyatuu, basi.
Mkanda umerudi kwenye gurudumu,
na kanyagio limerudi kulalamika:
kwa-cha, kwa-cha, mtaa mzima unajua yupo.
Saa saba mchana analala chali dukani,
miguu juu ya jora la kitenge,
wateja wanamsemesha wakizielekea nyayo.

Ile mishipa ya buluu ipo. Itakuwepo,
tabibu hakutudanganya.
Ila jana jioni nilipiga goti kumvua kiatu
nacho kikatoka, hivi hivi, bila ugomvi,
na pale pembeni nikakiona kifundo,
kama kifungo kilichodondoka siku nyingi
kikapatikana chini ya meza.
Nikakigusa. "Nini?" akauliza.
"Hakuna."

Nami ni karani wa bili za maji.
Saa nane kitini, kila siku ya Mungu.
Siku hizi visigino vyangu havitulii,
juu, chini, juu, chini ya meza,
hadi bosi akanyanyua kikombe chake:
"Massawe, mbona chai inatikisika?"
"Napandisha maji, mkuu," nikamjibu,
nikaendelea.